Somo la Robo Hii: Kuchagua Lenzi Ndefu kwa Picha za Ndege



Katika kurasa hizi tumezoea kufundishana juu ya visima, mizinga ya nyuki na vitabu vya hesabu. Mara hii tunaleta somo juu ya kifaa kimoja tu: lenzi ndefu ya kamera, ile inayovuta karibu kilicho mbali. Tunazo sababu mbili.

Kwanza, vikundi vya vijana katika parokia zetu za pwani ya Kenya vinaongoza wageni kutazama ndege, na vingi vimeleta maombi ya lenzi. Kamati zinazopokea maombi hayo hazina namna ya kuyapima. Pili, sisi wenyewe tuliwahi kuyapima vibaya, na fedha ya watu ikapotea. Tunaanza na kosa hilo.

KOSA LETU

Kikundi cha vijana wanaofanya kazi kando ya hori ya Mida, karibu na Watamu, kiliomba kamera na lenzi kwa kazi tatu: kupiga picha za kadi na kalenda za kuuza, kuthibitisha aina za ndege wakati wa hesabu ya ndege wa majini inayofanyika kila Januari, na kusoma pete zinazofungwa miguuni mwa ndege wahamao. Parokia moja ya ng'ambo ilichanga fedha. Sehemu ya mchango huo ilitoka kwa watoto wa shule ya Jumapili waliouza keki.

Tulikwenda dukani na wazo moja kichwani: namba kubwa kuliko zote. Tulionyeshwa kwanza lenzi ya milimita 400. Kisha tukatolewa nyingine iliyoandikwa milimita 1000, kwa bei ya chini sana. Tuliona tumebahatika, tukalipa, tukachukua risiti.

Kumbe ile ilikuwa lenzi ya vioo vya kuakisi ya milimita 500, iliyofungwa kifaa cha kuongeza masafa mara mbili. Kila kitu juu yake kililengwa kwa mkono. Mwanga uliopita ndani yake ulikuwa kidogo mno. Tangu Novemba mpaka Machi vijana walituletea picha za vivuli. Hakuna pete hata moja iliyosomeka. Kalenda haikuchapwa.

Tuliwaandikia wafadhili ukweli wote. Walijibu kwa barua fupi. Hawakudai fedha irudi. Waliuliza swali moja: mmejifunza nini? Somo hili ndilo jibu letu.

1. MILIMITA: NDEGE ATAKUWA MKUBWA KIASI GANI?

Namba ya milimita huonyesha lenzi inavuta kiasi gani. Kamati inaweza kufanya hesabu yake yenyewe bila mtaalamu. Chukueni urefu wa ndege kwa mita, zidisheni kwa milimita za lenzi, kisha gawanyeni kwa umbali kwa mita. Jibu ni ukubwa wa ndege, kwa milimita, juu ya kitambuzi cha picha kilicho ndani ya kamera. Katika kamera nyingi za bei ya kati kitambuzi hicho kina kimo cha milimita 15 hivi.

Mfano wetu ni ndege mla kaa, mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, ambaye kitaalamu huitwa Dromas ardeola. Huzaliana katika pwani za Ghuba, Bahari ya Shamu na Somalia, na hufika Mida kuanzia mwezi wa Agosti hivi mpaka Aprili. Urefu wake ni kama mita 0.4. Akiwa umbali wa mita 60:

- lenzi ya milimita 200 inampa milimita 1.3 juu ya kitambuzi;
- lenzi ya milimita 400 inampa milimita 2.7;
- lenzi ya milimita 600 inampa milimita 4.

Sasa sogeeni mpaka mita 30 mkiwa na ile ya milimita 400. Ndege anapata milimita 5.3, yaani zaidi ya ile ya milimita 600 iliyobaki nyuma. Hili ndilo jambo la kwanza tulilopaswa kujua. Kusogea karibu hakugharimu shilingi, ila hugharimu subira.

Mvuvi yeyote wa Mida anaweza kuwafundisha vijana namna ya kusogea. Maji yanapokuwa yametoka, ndege wametawanyika mbali juu ya matope. Yanapoanza kujaa, husukumwa kidogo kidogo kuelekea ukingoni. Anayefika mapema, akaketi kimya mgongo wake ukielekea jua, ndege watamfuata wenyewe. Anayewafuata ndege kwa miguu huwarusha wote. Basi kabla ya kusoma orodha ya bei, someni kalenda ya bamvua na maji mafu.

2. MWANGA: NAMBA NDOGO BAADA YA f

Kwenye lenzi kuna namba nyingine, kama f/4, f/5.6 au f/8. Hii hueleza upana wa tundu linalopitisha mwanga ukilinganisha na urefu wa lenzi. Kadiri namba ilivyo ndogo, ndivyo mwanga unavyoingia kwa wingi. Kutoka f/4 hadi f/5.6 mwanga unapungua kwa nusu. Kutoka f/5.6 hadi f/8 unapungua nusu tena.

Lenzi yetu ilikuwa f/8. Kifaa cha kuongeza masafa mara mbili hupunguza mwanga ubaki robo, kwa hiyo tulibaki na f/16. Ukilinganisha na lenzi ya f/5.6, tulikuwa tunapata sehemu moja kati ya nane. Ambapo mwenye f/5.6 angepiga kwa kasi ya sekunde 1/1000, vijana wetu walipaswa kupiga kwa 1/125. Kwa kasi hiyo ndege anayetembea tu anatoka na miguu minne mahali pa miwili.

Msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye eneo la kilomita za mraba 420 hivi, uko jirani kabisa na Mida, lakini mahitaji yake ni tofauti. Humo yumo bundi mdogo wa Sokoke, mwenye urefu wa sentimita 16 hivi, anayepatikana hasa hapa na katika vilima vya chini vya Usambara Mashariki, Tanzania. Mchana hulala ndani ya kichaka. Waongozaji wanaojua makao yake humwonyesha mgeni kutoka mita tano hivi. Fanyeni hesabu: kwa lenzi ya milimita 400 anapata karibu milimita 13, yaani anakaribia kujaza picha. Urefu wa lenzi si tatizo tena. Tatizo ni giza. Hapo lenzi ya milimita 300 yenye f/4 inamshinda jirani yake wa milimita 600 mwenye f/6.3.

Angalieni pia umbali wa chini kabisa ambao lenzi inaweza kulenga. Zipo lenzi nzuri ambazo haziwezi kulenga kitu kilicho karibu kuliko mita tatu na nusu. Msituni hilo linaweza kuwalazimu kurudi nyuma mpaka ndani ya miiba.

3. MTIKISIKO

Lenzi ndefu hukuza ndege, na hukuza pia mtetemo wa mkono wako. Kanuni ya zamani ya wapiga picha inasema kasi isipungue sekunde moja gawanya kwa milimita za lenzi. Kwa kamera zenye kitambuzi kidogo, ongezeni mara moja na nusu. Lenzi ya milimita 400 basi inataka 1/600 au zaidi. Ile ya kwetu ya milimita 1000 ilitaka 1/1500, nasi tuliweza 1/125 tu. Tungefanya hesabu hii dukani, tusingelipa.

Lenzi nyingi za sasa zina kitulizaji cha mtikisiko. Ni kitu cha thamani, hasa kwa ndege aliyetulia gizani. Lakini hutuliza mkono wa mpiga picha tu. Ndege anayeruka hakitulizi.

Msaada wa bei ndogo upo. Fundi seremala alitutengenezea stendi ya mguu mmoja kwa mti wa mvinje, akaweka juu yake skrubu ya robo inchi, ambayo ndiyo saizi ya kawaida ya tundu lililo chini ya kamera. Mama mmoja wa kamati alishona mfuko wa kitambaa kizito, akaujaza kunde. Ukiuweka juu ya ukingo wa daraja la mbao la Mida au dirisha la gari, lenzi hulala juu yake kama mtoto juu ya mto.

4. JE, LENZI NA KAMERA ZINAOANA?

Lenzi ya kampuni moja kwa kawaida haiingii kwenye kamera ya kampuni nyingine, na hata ndani ya kampuni moja kuna tofauti. Lenzi za Canon za aina ya EF huhitaji kiunganishi ili zikae kwenye kamera mpya zisizo na kioo, ambazo hutumia RF. Ndivyo ilivyo kwa Nikon, kutoka F kwenda Z. Baadhi ya kamera za bei nafuu za Nikon, kama zile za namba D3000 na D5000, hazina mota ya kulenga ndani yake. Zikifungwa lenzi ya zamani isiyo na mota, mtalenga kwa mkono.

Kamera za zamani zenye kioo, kwa kawaida, zilihitaji lenzi ya f/5.6 au yenye mwanga zaidi ili zilenge zenyewe vizuri. Kamera mpya zisizo na kioo hulenga hata kwa f/11. Ndiyo sababu mwaka 2020 Canon iliweza kutoa lenzi nyepesi za RF za milimita 600 na 800 zenye f/11. Ni nzuri juani, lakini msiziingize msituni.

Kanuni yetu sasa ni hii: kamera ya kikundi iende dukani pamoja na wanunuzi. Lenzi ambayo haijafungwa kwenye kamera yetu na kupiga picha ishirini mbele ya macho yetu haitolewi fedha.

5. UZITO NA NANI ATAUBEBA

Wapiga picha wakubwa hutumia lenzi za milimita 600 zenye f/4. Picha zake ni za ajabu. Lakini uzito wake ni kilo tatu hadi nne au zaidi, na bei yake ingejenga darasa. Kijana anayetembea tangu alfajiri akiwa na wageni, darubini na maji ya kunywa hatabeba lenzi hiyo kila siku. Kifaa kinachobaki kabatini hakisaidii mradi.

Hizi hapa ni aina ambazo kamati za kawaida zinaweza kuzifikiria:

- Milimita 400 f/5.6 isiyovutika. Ile ya Canon ya aina ya EF, iliyotoka mwaka 1993, ina kilo 1.25 tu. Ni nyepesi, inalenga upesi, na inafaa kwa ndege wanaoruka. Haina kitulizaji.
- Inayovutika kutoka 100 hadi 400. Inafaa kikundi chenye kazi nyingi: ndege leo, kima kesho, mkutano wa kijiji keshokutwa.
- Inayovutika kutoka 150 hadi 600. Sigma na Tamron wanazitengeneza kwa kamera za makampuni kadhaa. Nyingi ni kama kilo mbili, na mwishoni mwake huwa f/6.3. Inafaa hori na ziwa kuliko msitu.
- Inayovutika kutoka 200 hadi 500 yenye f/5.6 kote. Nikon ilitoa yake mwaka 2015. Ina kilo 2.3.
- Kamera yenye lenzi yake isiyotoka. Nikon P900 ya mwaka 2015 huvuta mara 83. Kitambuzi chake ni kidogo sana, kwa hiyo picha za alfajiri na za msituni huharibika. Lakini kwa kuthibitisha tu kwamba ndege fulani alionekana, inatosha, na hakuna lenzi ya pili ya kununua. Baadhi ya kamati zitaona hii ndiyo inayowafaa, wala wasione haya.

6. MTUMBA SI DHAMBI

Lenzi iliyotumika vizuri inaweza kuhudumia miaka mingi. Kabla ya kulipa, fanyeni haya:

- Mulikeni ndani kwa tochi kutoka upande wa pili. Nyuzi nyuzi kama utando wa buibui ni kuvu. Iacheni. Vumbi kidogo si neno.
- Zungusheni pete zote. Mchanga husikika kabla haujaonekana.
- Lengeni cha karibu, kisha cha mbali, mara kadhaa. Isisitesite.
- Pigeni picha ya ukurasa wa gazeti uliobandikwa ukutani, muikuze kwenye kompyuta. Herufi za katikati ziwe kali.
- Andikeni namba ya lenzi kwenye risiti na kwenye daftari la mali.

7. KUITUNZA PWANI

Hewa yetu ya chumvi na unyevu ni adui wa vioo. Wekeni lenzi ndani ya sanduku la plastiki linalofunga sawasawa, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu na vyombo vya umeme. Viwekwe vipya mara kwa mara. Msiifungie ndani ya mfuko wa ngozi miezi yote ya masika. Mchanga ukiingia juu ya kioo, pulizeni kwanza kwa kipulizio cha mpira, ndipo mfute. Anayefuta kwa ncha ya kanga kabla ya kupuliza anakwaruza kioo kwa msasa.

Na jua la saa sita juu ya matope hutoa mvuke unaochezesha picha. Hakuna lenzi ya bei yoyote inayotibu hilo. Fanyeni kazi asubuhi na jioni.

8. ADABU KWA NDEGE NA KWA WATU

Msimkaribie ndege aliye kwenye kiota. Msimmulike bundi kwa taa ya kamera, wala msimwite kwa sauti ya kurekodi kila mgeni anapotaka picha. Ndege anayesumbuliwa kila siku huhama makao, na kikundi kinakosa ndege na mgeni pamoja. Kabla ya kuingia msituni, ulizeni masharti katika ofisi ya msitu.

Jambo la mwisho ni zito zaidi. Lenzi inayomwona ndege humwona pia mwanamke anayetafuta kaa kwenye mikoko, na mtu aliyebeba kuni bila kibali. Mwanzoni baadhi ya majirani walinong'ona kwamba vijana wamepewa kamera ya kuwapeleleza. Mnong'ono huo ungeuua mradi kuliko lenzi mbaya. Tuliitisha kikao, tukawapa wazee lenzi waishike na kuchungulia wenyewe, tukaweka sharti: mtu hapigwi picha bila ruhusa yake, akiwa karibu au mbali. Sharti hilo limeandikwa kwenye sanduku la lenzi.

TULIPOFIKIA

Kikundi kiliuza lenzi ya kwanza kwa hasara. Vijana waliongeza akiba yao ya ada za uongozaji, wakanunua lenzi ya mtumba ya milimita 400 f/5.6. Hatukuomba mchango mwingine kwa ajili hiyo. Januari iliyofuata walikaa kwenye mikoko kabla ya maji kujaa, stendi ya mvinje mkononi. Ndege walisogea mpaka chini ya mita 30. Pete mbili zilisomeka, na taarifa zake zimepelekwa kwa wanaohusika.

Pete mbili si nyingi. Lakini tuliwatumia watoto wa shule ya Jumapili picha ya mguu mmoja wa ndege, pete ikisomeka wazi, pamoja na mahesabu yote, hasara ikiwa ndani yake.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KAMATI

1. Kikundi chetu kitapiga picha gani hasa, mahali gani, saa ngapi? Je, shida yetu ni umbali au ni giza?
2. Tumefanya hesabu ya ukubwa wa ndege kabla ya kuuliza bei?
3. Nani ataibeba, nani ataitunza, na sanduku litakaa wapi wakati wa masika?
4. Je, darubini mbili na mafunzo ya mwaka mmoja vingetusaidia zaidi kuliko lenzi?
5. Majirani zetu wameelezwa? Wameishika?
6. Tukikosea, tutawaandikia nini waliotuchangia?

Tunazikaribisha barua zenu. Kamati iliyowahi kununua kifaa kisichofaa, iwe pampu, mashine ya kusaga au kamera, ituandikie ilivyojifunza. Hatutataja jina. Ni heri kosa la mmoja liwe somo la wengi.